Kununua nyumba ya kwanza kwa hela ndogo na kupangisha vyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na watu wengi mpaka nikaona bora niyaweke sehemu moja. Mimi mwenyewe nilinunua nyumba ya zamani ya vyumba vitatu, bati linavuja na rangi imebanduka, nikajibana chumba kimoja na viwili nikapangisha. Huu ni mwaka wa sita. Majibu mengine marefu, mengine mafupi, inategemea kipi kiliniumiza zaidi.

Kipato changu ni kidogo, hivi kweli naweza kununua nyumba?

Inawezekana, ila hesabu ya kwanza kabisa usimweke mpangaji ndani. Hapa ndo wengi wanachemka. Mtu anachukua rejesho la mwezi (hela ya kulipa mkopo wa benki), anatoa kodi ya vyumba viwili, anaona kilichobaki ni kidogo kuliko anacholipa alipopanga sasa hivi, anasaini haraka haraka. Mwezi wa nne chumba kimoja kipo tupu, cha pili mpangaji anasema "nivumilie mpaka tarehe 15", na benki haina habari na hayo yote, siku ikifika inakata chake. Kipimo changu ni hiki: mshahara wangu peke yake uweze kubeba rejesho miezi mitatu minne vyumba vyote vikiwa vitupu, hata kama nitaishi kwa kubana sana. Kama hauwezi basi hiyo nyumba imenizidi, nitafute ndogo zaidi. Hela ya vyumba iwe ya kunisogeza mbele haraka, sio fimbo ya kutembelea.

Kuna jaribio moja halina gharama. Kabla hujaenda benki jifanye tayari unalipa mkopo. Chukua rejesho unalolitegemea, toa kodi unayolipa sasa, ile tofauti iweke pembeni kila mwezi kwa miezi sita bila kuigusa. Ukiweza umeshapata sehemu ya malipo ya awali (ile hela unayotoa mfukoni mwako, benki ikalipa iliyobaki), na ukishindwa umejua mapema bila kunyang'anywa nyumba.

Benki itahesabu kodi ya vyumba kama kipato changu?

Usiitegemee. Kuna zinazokubali sehemu tu ya hiyo hela na kuna zisizotaka hata kuisikia, hasa kama bado hujaanza kupangisha na hakuna mkataba wa kuonyesha. Wanachoangalia kwanza ni marejesho ya madeni yako yote yakijumlishwa yanakula kiasi gani cha kipato, na mara nyingi wanataka yasizidi theluthi moja au pengine 40% hivi. Neno ni "yote", yaani na ule mkopo wa pikipiki na ule wa simu uliousahau. Ukimaliza vimikopo vidogo kabla ya kuomba, kiasi wanachoweza kukupa kinapanda bila mshahara kuongezeka hata kidogo.

Niwe na shingapi mkononi ndo nianze?

Watu wanakariri asilimia ya malipo ya awali tu, wanasahau vinavyoifuata nyuma. Kuna mthamini (anayekadiria thamani ya nyumba), wakili, ada ya benki kushughulikia mkopo, ushuru wa kuhamisha umiliki, kusajili hati, bima. Alafu siku umepewa funguo unatakiwa ubadilishe vitasa vyote (badilisha, hujui nani ana funguo za zamani), uhamishe vitu, na mara nyingi kuna bomba linasubiri uingie tu ndo lipasuke. Omba orodha ya hizo ada kwa maandishi kabla hujalipa chochote.

Mtego mwingine unaohusu wenye hela ndogo ni huu. Benki haikopeshi kwa bei mliyopatana na muuzaji, inakopesha kwa thamani aliyoandika mthamini wake, au kwa bei kama bei ndo ndogo. Tuseme mmekubaliana nyumba ni 100 na benki inatoa 80%, wewe umejipanga na 20 yako. Mthamini akija akaandika 90, benki inatoa 80% ya 90 ambayo ni 72, na wewe unatakiwa utafute 28. Hiyo 8 ya ghafla ndo imezima ndoto za watu wengi wakiwa wameshalipa kishika nyumba, yaani ile hela ya kumfanya muuzaji akushikilie nyumba. Kwa hiyo kwenye makubaliano yenu na muuzaji andikeni wazi kwamba benki ikishindwa kutoa kiasi fulani kishika nyumba kinarudi.

Riba ya 10% hapa na 13% kule, si nachukua ya 10%?

Subiri kwanza. Uliza hiyo riba inapigwa kwenye nini. Kuna riba inayopigwa kwenye deni lililobaki, kila ukilipa inapungua, na kuna ile ya kupigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho kana kwamba hujawahi kulipa hata mia. Chukua mkopo wa 100 kwa miaka mitano, riba 10% ya aina hii ya pili: riba ni 10 kila mwaka, jumla 50, unarudisha 150. Ukiibadilisha uilinganishe na ile ya kwenye deni linalopungua, utakuta ni kama 17% kwa mwaka! Kwa hiyo ile ya 13% ya kwenye deni lililobaki ndo rahisi, na kwa mbali. Usilinganishe asilimia, linganisha jumla ya hela yote utakayorudisha mpaka siku ya mwisho.

Swali la pili uliza kama riba inabadilika. Mkopo wa miaka 20 riba ikitoka 12% kwenda 14% rejesho la mwezi linapanda kama 13%. Masikioni inasikika mbili tu, mfukoni sio mbili.

Kwa nini nimelipa mwaka mzima na deni halipungui?

Linapungua ila taratibu sana, maana mwanzoni karibu hela yote inaenda kwenye riba. Nakupa mfano kamili. Umekopa 1,000,000 kwa miaka 20, riba 12% kwenye deni lililobaki. Rejesho ni kama 11,011 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 10,000, kwa hiyo kilichopunguza deni ni 1,011 basi. Mpaka miaka 20 iishe utakuwa umerudisha zaidi ya 2,640,000.

Sasa hapa ndo hela ya vyumba inapofanya maajabu. Ukiongeza 1,000 tu juu ya rejesho kila mwezi, ukalipa kama 12,011, mkopo unaisha ndani ya miaka 15. Miaka mitano imepotea kwa nyongeza ambayo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya rejesho! Mimi nilipoiona hii hesabu mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani kikokotoo kimeharibika. Ila kabla hujaanza kuongeza hakikisha mkataba hauna faini ya kulipa mapema, na waandikie benki kwamba nyongeza iende kupunguza deni lenyewe, wengine wakiachwa wanaiweka kama rejesho la mwezi ujao na hapo faida yako inayeyuka.

Nyumba ya aina gani inafaa kwa kupangisha vyumba?

Hili ndo swali nalopenda kuliko yote, na jibu lake sio nyumba nzuri. Ni nyumba inayogawanyika. Ukienda kuangalia acha kuangalia rangi na vigae, simama mlangoni ujifanye wewe ni mpangaji umerudi saa tano usiku umechoka: unapita wapi mpaka chumbani kwako? Kama lazima ukatize sebule ambayo mwenye nyumba amekaa anaangalia mpira, hiyo nyumba itawachosha wote wawili. Chumba chenye mlango unaofungukia kwenye korido au nje moja kwa moja kina thamani kuliko chumba kikubwa kilichojificha nyuma ya chumba kingine.

Cha pili ni choo na bafu. Nyumba ya vyumba vitatu na choo kimoja inaweza, lakini asubuhi ni foleni, na foleni ya choo haina urafiki. Ukipata ambayo chumba kimoja kina choo ndani basi fikiria vizuri nani akae hapo, watu wengi wanakimbilia kukaa wenyewe kumbe ndo chumba chenye kodi kubwa. Mimi nilikaa kwenye chumba kidogo kuliko vyote miaka miwili ya mwanzo. Ndugu zangu walinicheka, sawa, wakacheka.

Gonga kuta. Kama ukuta kati ya vyumba ni ubao tu utasikia mpaka mtu anavyokunja shuka. Angalia kama umeme unaweza kuwekewa mita ndogo kwa kila chumba, angalia maji yanatoka na nguvu hata bomba mbili zikifunguliwa pamoja, angalia jiko lina nafasi ya watu wawili kupishana bila kukumbatiana.

Na eneo. Unanunua pa kukaa wewe ila pia unanunua wapangaji. Chuo, hospitali, kiwanda, stendi, popote penye watu wanaoanza kazi bila familia. Nyumba ya bei ya kutupwa iliyo mbali na usafiri haijawa rahisi, chumba kikikaa tupu miezi minne kila mwaka umeilipia ile bei kwa njia nyingine.

Kama ni fleti, soma sheria za jengo kabla hujatoa hela. Majengo mengine yanakataza kabisa kupangisha chumba kimoja kimoja, mengine yanataka kibali, na ile ada ya huduma ya kila mwezi iweke kwenye hesabu maana ina tabia ya kupanda.

Ninunue mbovu kwa bei ya chini nikarabati mwenyewe?

Inategemea ubovu upo wapi. Ubovu wa kuonekana ni rafiki yako: rangi, makabati, vigae vilivyopasuka, bustani imekuwa pori. Hivyo vinatisha wanunuzi wengine na bei inashuka ila kuvitengeneza sio kazi kubwa na unaweza kwenda chumba kwa chumba. Ubovu wa kukukimbiza ni msingi uliotitia, nyufa pana za mshazari zinazotoka kwenye kona za madirisha na milango, paa lililopinda, waya za umeme za zamani, maji machafu yanayorudi ndani. Hivyo vinakula hela na bado hakuna mgeni atakayekusifia.

Nenda na fundi wako, sio wa dalali wala wa muuzaji, mlipe siku yake. Nenda siku mvua imenyesha kama inawezekana. Na ukikuta chumba kimoja tu kimepakwa rangi mpya chini ya ukuta na kwingine kote rangi imechoka, uliza kuna nini hapo, mara nyingi ni unyevu umefichwa na baada ya miezi michache unarudi kama umeitwa.

Kama bajeti ni ndogo, anza na paa, umeme na choo, kisha kitasa na rangi ya chumba cha mpangaji. Chumba chako mwisho.

Nitajuaje sitapigwa?

Hati haitoshi kuiona, inabidi ukaikague kwenye ofisi ya ardhi mwenyewe au na wakili wako, uone jina lililosajiliwa ni la nani, kuna mkopo juu yake, kuna zuio, kuna kesi. Jina la kwenye kitambulisho cha muuzaji lifanane na la kwenye hati. Kama muuzaji ana mke au mume uliza ridhaa yake iko wapi, kwa maandishi, kwa sababu mauzo mengi huja kubomoka hapo. Nyumba ya urithi ni hatari zaidi, taka kuona nani amepewa mamlaka kisheria ya kuuza na warithi wengine wanasemaje, usikubali kaka mkubwa anayesema "mimi ndo msemaji wa familia".

Alafu ongea na majirani. Majirani wanajua kila kitu, mpaka wa kiwanja ulihamishwa lini, maji yanakatika siku ngapi, nani alikuja kuinunua kabla yako na kwa nini alikimbia. Hela ipite kwenye akaunti, isipite mkononi kwa dalali hata kama ni mtu wa dini sana. Na ukiambiwa "kuna mwingine anakuja kulipa jioni hii", mwache huyo mwingine alipe.

Tununue wawili, mimi na rafiki au ndugu?

Inapunguza mzigo kweli. Ila kwenye mkopo wa pamoja kila mmoja huwa anadaiwa deni lote, sio nusu yake. Akiacha kulipa wanakuja kwako. Mkiamua, andikeni mapema nani ametoa kiasi gani, mmoja akitaka kuondoka anauza hisa yake kwa nani na kwa bei inayopangwa na nani, na mmoja akifariki inakuwaje. Kama mazungumzo hayo yanawaletea aibu basi hamjafika mahali pa kununua nyumba pamoja.

Kodi ya chumba niweke kiasi gani?

Tafuta vyumba vya kufanana vya jirani, sio vinavyotangazwa tu bali vilivyopata mtu. Bei ya tangazo ni matumaini ya mwenye nyumba. Alafu piga hesabu hii ndogo: tuseme bei ya kawaida ni 100 kwa mwezi, mwaka mzima 1,200. Wewe ukang'ang'ania 110, chumba kikakaa tupu mwezi mmoja, umepata 1,210. Kikikaa miezi miwili umepata 1,100. Yaani umekaza shingo kwa faida ya 10 au hasara ya 100. Bei nafuu kidogo kwa mtu anayelipa kwa wakati na anayekaa miaka mitatu ni biashara nzuri kuliko bei ya juu na wapangaji wanaopita kama abiria.

Bili za umeme na maji ama ziwe ndani ya kodi kwa kiwango kinachojulikana, ama kila mtu na mita yake. Ile ya "tutagawana mwisho wa mwezi" inazaa ugomvi wa pasi na hita, niamini.

Mpangaji mzuri nampataje?

Usimchukue wa kwanza kwa sababu una shida ya hela, ndo maana nilisema mwanzoni mshahara uweze kukubeba. Mwenye njaa hachagui mpangaji. Ongea naye nusu saa, muulize kazi yake ya saa ngapi, anapika sana, ana wageni, kwa nini anahama. Sio mahojiano ya polisi, ni kujua kama ratiba zenu zinapishana au zinagongana. Mimi nalala saa tatu, niliwahi kumchukua kijana wa kazi za usiku nikadhani ni sawa maana hatutaonana, kumbe yeye anaamka kupika saa nane usiku kila siku ya mapumziko, vitunguu na redio.

Ukitaka kujua alivyo, usimpigie mwenye nyumba wake wa sasa, mpigie wa kabla ya huyo. Wa sasa kama anataka kumwondoa atakusifia mpangaji mpaka utashangaa. Wa zamani hana cha kupoteza, anasema ukweli.

Na usichuje watu kwa kabila, dini au rangi, mbali na ubaya wake sehemu nyingi ni kosa kisheria, na walionisumbua mimi wala hawakuwa wale ambao watu walinionya.

Mkataba wa nini wakati tunaishi nyumba moja?

Ndo hasa unahitajika. Karatasi mbili zinatosha: nani anakaa chumba gani, kodi na tarehe, dipoziti na itarudi kwa masharti gani, bili, notisi ya kuhama kwa kila upande, sehemu za kushirikiana. Sheria za nchi nyingi zinamtofautisha mpangaji anayekaa nyumba moja na mwenyewe wakishirikiana jiko au choo, na yule aliyepanga sehemu yake kamili, na haki zao za notisi hazifanani. Jua wako anaangukia wapi kabla hujaandika miezi ya notisi kwa kubahatisha.

Siku ya kuingia piga picha za chumba chote, kona zote, godoro, kioo, kitasa, mtumie yeye hapo hapo ili wote muwe nazo zenye tarehe. Dipoziti weka akaunti nyingine kabisa. Sio hela yako! Nilishaitumia mara moja kununulia pampu ya maji, mpangaji akahama ghafla, nikaenda kukopa ili nimrudishie, aibu ile sijaisahau.

Sheria za ndani ziwe ngapi?

Chache na ziandikwe. Wageni wa kulala siku ngapi, kelele mwisho saa ngapi, nani anasafisha choo lini, friji rafu ipi ya nani. Ukifika sheria ya 15 umefungua bweni. Na wewe mwenye nyumba zikubane pia, ukiwakataza muziki usiku alafu wewe unapiga simu kwa spika koridoni umeshapoteza heshima. Usiingie chumbani kwa mtu bila kubisha na kukaribishwa, nyumba ni yako lakini chumba amekilipia.

Ndugu wakijua nina vyumba je?

Watakuja tu. Binamu amepata chuo, shemeji anatafuta kazi. Sikufundishi ukatae ndugu, nakwambia amua kabla hawajapiga simu. Mimi niliweka hivi: mgeni anakaa chumbani kwangu au sebuleni kwa muda unaojulikana, chumba cha kupangisha hakiguswi kwa sababu kina deni la benki. Ndugu akitaka chumba anasaini kama wengine, na kama nataka kumsaidia nampunguzia kiasi tunachokitaja waziwazi, sio kimya kimya alafu baada ya miezi mitano namnunia.

Kodi ya mapato na bima vinanihusu?

Hela ya vyumba ni kipato, na nchi nyingi zinataka uitangaze. Habari njema ni kwamba mara nyingi kuna gharama zinazoruhusiwa kutolewa kwanza, na kuna nchi zinasamehe kiwango fulani kwa anayepangisha chumba ndani ya nyumba anayoishi, kwa hiyo uliza kabla hujaanza kujificha. Tunza risiti zote, hata za fundi bomba.

Bima ni muhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ukikata bima ukasema unaishi na familia yako, alafu moto ukitokea wakakuta wapangaji wawili, kampuni inaweza kukataa kulipa. Waambie mwanzo, ada ikiongezeka iongezeke. Na usome mkataba wa benki, mingine inataka ruhusa yao kabla ya kupangisha.

Kuna la usalama la kuzingatia?

Jiko la mkaa au la gesi chumbani, hapana, bila mjadala. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, mtu analala haamki. Kama chumba cha kupikia ni kimoja tu basi kiwe kimoja, na kiwe na dirisha linalofunguka. Weka kengele ya moshi koridoni. Nondo za dirisha angalau moja kwenye kila chumba ziwe za kufunguka kwa ndani, na vitasa viwe vya kufungua kwa ndani bila kutafuta funguo gizani. Adapta juu ya adapta, pasi na hita kwenye soketi moja, katazeni.

Mpangaji halipi, nifanye nini?

Ongea naye siku ya pili tu ya kuchelewa, sio mwezi wa pili. Muulize kuna nini. Kama ni tatizo la kweli pangeni tarehe na muandike, hata kwa ujumbe wa simu. Akivunja hiyo mpe barua ya notisi kama mkataba unavyosema. Usichofanya ni kubadilisha kitasa yuko kazini, kumkatia umeme au kumtolea vitu nje, sehemu nyingi hiyo inakugeuza wewe kuwa mkosaji na yeye anayekudai. Nenda kwenye chombo kinachohusika na migogoro ya nyumba, ukiwa na mkataba na kumbukumbu za malipo. Ndo maana kodi ipokee kwa benki au simu, na ukipokea taslimu andika risiti, hata kama ni mtu mmeshakuwa marafiki.

Na kuna wakati kumsamehe deni la mwezi mmoja ili ahame wikiendi hii ni rahisi kuliko kumdai miezi sita akiwa ndani. Inauma, ila ipigie hesabu.

Hela ya vyumba ikianza kuingia niifanyie nini kwanza?

Kwanza jaza mfuko wa dharura mpaka ufikie marejesho ya miezi mitatu minne. Pili weka ya matengenezo kila mwezi, wengi wanatenga kama 1% ya thamani ya nyumba kwa mwaka, na nyumba ya zamani inataka zaidi. Ikibaki ndo ile nyongeza ya kwenye mkopo niliyoieleza juu. Televisheni kubwa ije baadae sana.

Na siku nikitaka kuishi peke yangu au nikioa?

Unaacha kupangisha chumba kimoja kimoja kadri mikataba inavyoisha, ndo uzuri wake. Mimi chumba cha pili nilikirudisha mwaka jana mtoto alipozaliwa, mpangaji nilimwambia miezi mitatu kabla na nikamtafutia sehemu mtaa wa pili. Kile kingine bado kina mtu, dada mmoja nesi, na choo cha pili tulichojenga nyuma ndo kimemfanya abaki.